Ngazi za Mnada, Chumba cha Hukumu

Masomo ya wiki: Mhubiri 3:16–17, Luka 18:1–8

Katikati ya mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, si mbali na ukingo wa mto Mississippi, limesimama jengo la kale lenye nguzo nene mbele na kuba la chuma juu. Ujenzi wake ulianza mwaka 1839, na kuba lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1860. Waliotoa kiwanja, Auguste Chouteau na J. B. C. Lucas, walikitoa kwa sharti kwamba pawe mahakama siku zote. Ikawa hivyo hadi mwaka 1930, majaji walipohamia jengo jipya. Mwaka 1940 mji ukalikabidhi jengo kwa serikali kuu, na tangu hapo ni makumbusho. Lilifungwa kwa matengenezo makubwa, likafunguliwa tena Mei 2025. Leo yeyote anaingia, anasimama chini ya kuba, anainua macho.

Nimelileta jengo hili katika tafakari ya wiki hii kwa sababu ya ngazi zake. Zamani hizo, mtu alipofariki akiacha madeni, au mali yake ilipohitaji kugawanywa kwa warithi, mahakama iliamuru mali iuzwe kwa mnada wa hadhara, na mnada ulifanyika mlangoni pa mahakama. Mali yenyewe ilikuwa mashamba, mifugo, samani, na watu. Mama alisimamishwa hapo na wanawe, kila mmoja akatajiwa bei. Wala hapakuwa na mvunja sheria hata mmoja. Jaji alitia sahihi, karani akaandika, dalali akanadi, mnunuzi akapewa stakabadhi, warithi wakagawana fedha na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Na nyuma ya milango hiyohiyo, ndani ya jengo hilohilo, watumwa wengine walikuwa wamesimama mbele ya jaji wakiomba watangazwe kuwa watu huru. Baadhi yao walishinda.

Mhubiri anasema alitazama chini ya jua, akaona uovu umekaa mahali pa hukumu. Hasemi aliukuta porini kwa wanyang'anyi, wala vichochoroni usiku. Aliukuta kwenye kiti ambacho mnyonge alikuwa amekikimbilia. Nimehubiri somo hili mara nyingi nikiwaza hakimu mla rushwa, na hakimu wa namna hiyo yupo. Lakini St. Louis inatuonyesha jambo zito zaidi. Pale uovu haukuhitaji rushwa. Ulipita kwa utaratibu, kwa mihuri, kwa mwandiko mzuri wa karani.

Turudi ndani ya jengo. Tangu mwaka 1807, kabla Missouri haijawa jimbo, sheria ya huko ilimruhusu mtu aliyeshikwa utumwani kinyume cha haki kufungua kesi ya kudai uhuru wake kama maskini asiye na kitu, akapewa wakili, na anayemmiliki akakatazwa kumpeleka nje ya eneo la mahakama au kumpiga kwa sababu ameshtaki. Mwaka 1824, katika kesi ya mwanamke aitwaye Winny, Mahakama ya Juu ya jimbo ilikubali kwamba mtumwa aliyechukuliwa na bwana wake kwenda kuishi katika nchi isiyoruhusu utumwa amekuwa huru, na akirudishwa Missouri hageuki tena kuwa mtumwa. Majalada ya kesi za namna hii, takriban 300, yamehifadhiwa hadi leo. Hebu fikiri maana ya majalada hayo. Watu waliohesabiwa pamoja na viti na meza za marehemu walipita kwenye ngazi za mnada, wakaingia ndani, wakamwambia jaji: mimi ni mtu, naomba unisikilize.

Miongoni mwao alikuwa mama aitwaye Polly, aliyedai uhuru wake mwenyewe, kisha akamshtakia binti yake Lucy. Wakati kesi ikiendelea, Lucy, msichana mdogo, aliwekwa jela miezi 17. Hakuwa ameiba wala kumpiga mtu. Alikaa jela kwa sababu alikuwa mdai, na mali inayobishaniwa lazima itunzwe mahali salama mpaka hukumu itoke. Februari 1844 wakili Edward Bates, ambaye baadaye alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu katika serikali ya Abraham Lincoln, alisimama kumtetea, na Lucy akatoka huru. Mwaka 1891, akiwa mtu mzima aitwaye Lucy Delaney, alichapisha kitabu cha maisha yake. Anayetaka kujua jinsi baridi ya jela inavyoingia mifupani mwa mtoto akakisome.

Kesi iliyolipa jengo hilo jina duniani ni ya Dred Scott na mkewe Harriet. Dred alizaliwa Virginia karibu na mwaka 1799, akaletwa St. Louis na familia ya Blow mwaka 1830, kisha akauzwa kwa John Emerson, daktari wa jeshi. Daktari huyo alihamishwa kituo hadi kituo na kumchukua Dred pamoja naye: kwanza ngome ya Fort Armstrong katika jimbo la Illinois, halafu Fort Snelling huko kaskazini. Kote kuwili utumwa ulikuwa umekatazwa kisheria. Huko Fort Snelling Dred alimwoa Harriet Robinson, na ndoa yao ilifungishwa na ofisa wa serikali, jambo ambalo watumwa hawakujaliwa, kwa kuwa sheria haikuitambua ndoa ya mtumwa. Binti yao wa kwanza, Eliza, alizaliwa melini juu ya mto Mississippi, kaskazini ya mpaka wa Missouri. Mdogo wake aliitwa Lizzie.

Daktari alifariki mwaka 1843. Mjane wake, Irene Emerson, akaendelea kuwakodisha akina Scott kwa watu wengine na kupokea ujira wao. Dred alijaribu kununua uhuru, akakataliwa. Basi tarehe 6 Aprili 1846 mume na mke wakapeleka mahakamani maombi mawili, la Dred na la Harriet. Hawakujua kusoma wala kuandika. Mwisho wa karatasi, pale mwenye shauri anapotia sahihi, karani aliandika majina yao na kila mmoja akaweka alama ya X.

Alama hiyo imenishika kuliko kuba na nguzo. Wale waliokuwa wakiandika sheria, wakizisoma na kuzifasiri, walikuwa wamekwisha zoea kuziona zikiwauza watu ngazini. Hawa wawili wasiojua hata herufi moja ya maandishi hayo ndio walioamini kwamba sheria ina maana inachosema. Walishika kalamu kwa mkono wa kufua na kubeba mizigo, wakachora mistari miwili iliyopishana, wakaikabidhi serikali iliyowahesabu kuwa bidhaa.

Na Harriet asisahauliwe. Vitabu vingi vinalitaja jina la mumewe tu, kwa sababu mwaka 1850 mawakili walikubaliana kesi ya Dred iendelee kwa niaba ya zote mbili. Lakini kwa sheria ya wakati ule mtoto alifuata hali ya mama. Dred angeshinda peke yake, Eliza na Lizzie wangebaki watumwa. Ombi la Harriet ndilo lililowabeba mabinti. Wasichana wale walikuwa wanakaribia umri ambao wanunuzi hutoa bei kubwa, na mama yeyote aliyepita karibu na ngazi zile alijua bei hiyo ni ya nini. Harriet alikuwa mwana kanisa, mshirika wa kanisa la Kibaptisti la watu weusi mjini humo, na mchungaji wake, John Anderson, yeye mwenyewe aliyepata kuwa mtumwa, anatajwa na wanahistoria kuwa mmoja wa waliowasaidia kumpata wakili wa kwanza. Nalitaja hili kwa wachungaji wenzangu hasa. Kuhubiri juu ya haki ni wito wetu. Kumjua wakili mmoja mwaminifu na kumpeleka muumini mlangoni kwake ni wito uleule.

Kesi ya kwanza ilisikilizwa Juni 1847 na wakashindwa, na sababu ya kushindwa ni ya kusikitisha. Shahidi wao aliitwa kuthibitisha kwamba aliwakodi akina Scott kutoka kwa Irene Emerson. Alipobanwa na wakili wa upande wa pili akakiri kwamba mpango wa kukodi aliufanya mke wake, naye alichojua ni kile alichosimuliwa. Ushahidi wa kusimuliwa haupokelewi. Kwa hiyo haikuthibitika mahakamani kwamba Irene Emerson ndiye aliyewashika kama watumwa. Kwa hiyo wakarudishwa utumwani, kwa Irene Emerson.

Jaji Alexander Hamilton aliruhusu kesi isikilizwe upya. Ikachukua muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 1848 akina Scott waliwekwa chini ya sherifu wa wilaya, naye akawa anawakodisha kazi kwa watu na kushika ujira wao mpaka ijulikane ni wa nani. Walifanya kazi, wakachoka kama mfanyakazi yeyote anavyochoka, na jasho lao likawekwa akiba wakisubiri kuambiwa kama jasho hilo ni lao. Tarehe 12 Januari 1850, katika chumba cha ghorofa ya chini cha jengo lile, baraza la waamuzi, wote wanaume wa kizungu, lilisikiliza ushahidi uliokamilika safari hii na kutamka kwamba Dred Scott ni mtu huru. Wanaume wale waliishi katika mji wa watumwa. Waliapa kuamua kwa haki, wakaamua kwa haki. Nawaombea heshima.

Irene Emerson akakata rufaa. Machi 1852 Mahakama ya Juu ya Missouri, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikaifuta hukumu ile na pamoja nayo msimamo wa miaka 28. Haikusema kwamba majaji waliotangulia walikosea kusoma sheria. Ilisema nyakati zimebadilika. Na kweli zilikuwa zimebadilika: ubishi juu ya utumwa ulikuwa umepamba moto nchini kote, na wenye watumwa wakawa wanaogopa kila mlango uliokuwa wazi. Kanisa nalo lilikuwa limepasuka. Wamethodisti mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845 waligawanyika kaskazini na kusini kwa jambo hilohilo, na wako waliosimama mimbarani Jumapili wakiutetea utumwa kwa maandiko.

Najua wako wasomaji ambao hapa hawahitaji kuelezwa zaidi habari za kesi inayosogezwa mbele. Mama mmoja wa usharika wetu, mjane, aliniomba nimsindikize Mahakama ya Mwanzo kwenye shauri la mirathi ya marehemu mumewe. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi. Mapajani alikuwa na bahasha ya plastiki, na ndani yake cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliokunjwa mara nyingi hadi ukaanza kukatika kwenye mikunjo. Kila mlango ulipofunguliwa aliinyanyua bahasha ile kidogo, kama mtu anayetaka kusimama. Mashemeji zake walikuwa wamekaa upande wa pili wa ua, wakicheka na mtu waliyemfahamu. Karani alipotoka aliita majina, la kwake halikuwamo. Akaenda kuuliza, akarudi. "Baba Mchungaji," akaniambia, "wanasema jalada halionekani. Nirudi tena." Akaifuta bahasha kwa upande wa khanga, akaiweka kwenye mkoba.

Sikuwa na la kumwambia, na nashukuru sikusema neno. Lakini siku ile nilielewa kwa nini Bwana Yesu alipotaka kufundisha habari za kuomba bila kukata tamaa hakuchagua mfano wa mtu aliyepiga magoti hekaluni. Alichagua mjane anayekwenda kwa hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu. Sisi tumezoea kuuhubiri mfano ule kama habari ya sala tu, tukamwacha mjane na hakimu wakiwa picha. Mjane yule ana kesi. Ana adui wake, ana haki anayodhulumiwa, na amechoka kutembea. Yesu anamwona anavyokwenda na kurudi, na anauliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataikuta imani duniani. Imani anayoiulizia iko kwenye miguu ya yule mama.

Akina Scott nao walikwenda tena, safari hii katika mahakama za serikali kuu, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mjini Washington. Tarehe 6 Machi 1857 Jaji Mkuu Roger Taney, mzee wa miaka 79, alisoma hukumu. Majaji saba walikuwa upande mmoja, wawili, John McLean na Benjamin Curtis, wakapinga. Taney alisema kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani na hana haki ya kushtaki katika mahakama zake. Kwamba waliounda taifa lile walimwona mweusi kuwa kiumbe duni asiye na haki ambayo mzungu analazimika kuiheshimu. Na kwamba bunge halina uwezo wa kukataza utumwa katika maeneo mapya ya nchi. Alidhani anaumaliza ubishi. Miaka minne haikupita sana kabla nchi haijaingia vitani yenyewe kwa yenyewe.

Kuna jambo moja kuhusu Taney ambalo mhubiri hapaswi kulificha. Miaka mingi kabla ya hukumu ile aliwaacha huru watumwa wake mwenyewe. Nyumbani alijua. Mkono wake ulikwisha tenda haki mara moja, na kitini pa hukumu ukaandika kinyume. Nalitafakari hilo kwa hofu, kwa sababu wengi wetu tu wapole nyumbani, tunawasaidia ndugu, tunamlipia ada mtoto wa jirani, kisha tunaingia ofisini na kutia sahihi jambo ambalo tungelikataa kama lingeletwa sebuleni.

Lakini kesi ilikuwa haijaondoka St. Louis. Irene Emerson alikuwa ameolewa tena, na mumewe, Calvin Chaffee wa Massachusetts, alikuwa mbunge mpinzani wa utumwa. Ilipojulikana kwamba familia iliyobishaniwa nchi nzima ni mali ya nyumba yake, aibu ilikuwa kubwa. Kwa kuwa sheria ya Missouri ilitaka mwenye kumwacha mtumwa huru awe mkazi wa jimbo hilo, akina Scott walihamishiwa kwa Taylor Blow, mtoto wa ile familia iliyokuwa imemmiliki Dred tangu mwanzo. Watoto wa Blow ndio waliokuwa wakisaidia gharama za kesi kwa miaka mingi. Tarehe 26 Mei 1857, haijatimia hata miezi mitatu tangu hukumu ya Washington, Taylor Blow alikwenda mahakamani St. Louis kuwaacha huru. Dred, Harriet, Eliza na Lizzie wakatoka katika jengo lile wakiwa huru kwa hati. Dred akafanya kazi ya upagazi hotelini, Harriet akafua nguo za watu. Dred alifariki kwa kifua kikuu tarehe 17 Septemba 1858, baada ya mwaka mmoja na ushei wa uhuru. Harriet aliishi hadi mwaka 1876. Aliuona mwaka 1865 utumwa ukifutwa, na mwaka 1868 marekebisho ya 14 ya katiba yakitamka kwamba kila aliyezaliwa Marekani ni raia wake. Hukumu ya Taney ilifutwa Harriet angali hai, akiwa na sabuni mikononi.

Miaka miwili hivi baada ya akina Scott, Machi 1859, mtu mmoja aliyebanwa na ukata aliingia katika mahakama ile kumwacha huru mtumwa wake William Jones. Angeweza kumuuza ngazini na kuondoa shida zake kwa muda mrefu. Hakumuuza. Mtu huyo ni Ulysses Grant, ambaye baadaye aliongoza majeshi yaliyouangusha utumwa, kisha akawa rais. Na mwaka 1872 Virginia Minor wa mjini humo alikataliwa kujiandikisha kupiga kura kwa kuwa ni mwanamke. Kesi yake nayo ilianzia katika jengo hilo, naye akashindwa hadi Mahakama ya Juu mwaka 1875.

Sasa nasema lile ninalotaka kulisema. Watu wa St. Louis wangeweza kulihifadhi jengo hili nusunusu. Wangeweza kuonyesha kuba na michoro yake, na chumba cha mahakama chenye mbao zinazong'aa, na kusimulia jinsi mahakama yao ilivyowapa watu uhuru, wakazinyamazia ngazi. Ingekuwa kweli, na ingekuwa uongo. Au wangeweza kuonyesha ngazi peke yake, na tukaondoka tukiamini kwamba hapakuwa na mtu mwadilifu hata mmoja, kwamba alama ya X ya Harriet ilikuwa kazi bure. Huo nao ungekuwa uongo, tena ungemdhulumu Harriet mara ya pili. Makumbusho haya yanasimulia yote mawili chini ya paa moja. Kile chumba cha kesi ya mwaka 1850 hakipo tena kama kilivyokuwa, kiligawanywa katika matengenezo ya karne ileile, na mgeni anaelezwa hivyo. Nje pamesimama tangu mwaka 2012 sanamu ya Dred na Harriet pamoja.

Kanisa linajua kuhifadhi kwa namna hiyo. Mathayo anapoandika ukoo wa Bwana wetu anafika kwa Daudi, na hamtaji mama yake Sulemani kwa jina. Anamtaja kama mke wa Uria. Vizazi vingi vimepita, Uria hatajwi kuwa na mtoto, lakini jina la aliyeuawa kwa amri ya mfalme limewekwa ndani ya ukoo wa Masihi ili asiweze kusahauliwa. Na kila Jumapili tunapoikiri imani tunalitaja jina la hakimu. Hatumtaji Petro, wala Yohana, wala Paulo. Tunamtaja Pontio Pilato, aliyesema wazi kwamba haoni kosa, kisha akatoa hukumu ya kifo kwa utaratibu wote unaotakiwa. Mwokozi wetu alisimama mahakamani. Chumba kile cha hukumu tumekihifadhi ndani ya Kanuni ya Imani, na watoto wetu wa Kipaimara wanakikariri.

Huku kwetu tunapo mahali pa namna hiyo. Anayefika Mkunazini, Unguja, anaingia Kanisa Kuu la Kristo lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na nje anaona shimoni sanamu za watu waliofungwa kwa minyororo, kazi ya msanii Clara Sörnäs. Wageni wengi hupiga picha pale. Wachache wanaelezwa habari za mahakama. Soko lilifungwa, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali visiwani hadi tarehe 6 Aprili 1897, miaka 51 kamili tangu siku ile Harriet alipoweka alama yake. Amri ya Sultani Hamoud ya siku hiyo haikumwacha mtumwa huru papo hapo. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuomba, naye akishapewa aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu. Bwana alilipwa fidia, mtumwa hakulipwa. Masuria hawakuhesabiwa hadi mwaka 1909. Babu na bibi za watu tunaokaa nao walisimama kwenye mabaraza ya mahakama hizo, wakipanga foleni ya kuomba kitu ambacho Mungu alikwisha wapa. Natamani majengo hayo nayo yangewekewa hata kibao kimoja.

Kumbukumbu ikitunzwa nzima, huzaa matunda ambayo aliyeitunza hakuyatarajia. Machi 2017, miaka 160 tangu hukumu ile, mtu wa ukoo wa Taney alisimama hadharani mjini Annapolis, mbele ya sanamu ya jaji, akawaomba radhi watu wa ukoo wa Scott. Wakaipokea. Agosti ya mwaka huohuo sanamu ile ikaondolewa. Wazao wa jaji na wazao wa mdai wameendelea kuzungumza na watu wakiwa pamoja. Mwanzoni hawakufahamiana, waliunganishwa na jalada.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, naomba mambo mawili. Wenye mashauri mahakamani, ya mirathi, ya ardhi, ya matunzo ya watoto, waache jina na tarehe ya kuitwa kwa katibu wa usharika. Habari za shauri lenyewe zitabaki siri yao. Wazee wa kanisa na vijana watakaoweza kutoa asubuhi moja ya kukaa kwenye benchi na mwenzao wajiandikishe kwenye daftari la pili. Mama wa bahasha ya plastiki anaitwa tena Alhamisi, saa mbili. Amesema angependa tuwe wengi.